Kuandika Dereva

Mama alipiga simu saa tatu usiku kutoka Mwika.
"Mbona huna sauti? Unafanya nini?"
"Naandika dereva, mama."
Akanyamaza. Nikasikia kifuniko cha sufuria kikirudi mahali pake.
"Kumbe umenunua gari, husemi."

Nikamwacha na gari lake.
Kwetu neno hilo lilikuwa na maana moja:
baba aliandikwa udereva mwaka sabini na nane,
lori la kahawa, Mwika hadi kiwandani mjini,
na lori lilimjua mkono. Akilishika mwingine, linakohoa
hadi Himo.

Gari langu mimi ni la Uru, chama cha msingi,
juu ya meza yenye mguu mmoja wa tofali:
kompyuta yenye umri wa mtoto wa kidato cha nne
na printa ya sindano ishirini na nne,
nyeupe iliyoishia kuwa rangi ya chai ya maziwa.
Mwezi wa saba wakaleta programu mpya.
Ikatazama huku, ikatazama kule, ikaandika:
Kifaa hakijulikani.

Hakijulikani na nani?
Ndeonasia karani anakijua, mpaka pa kukipiga kofi.
Wakulima walio nje na magunia wanakijua kwa sikio:
krrr, krrr,
ndivyo ada ya shule inavyolia.

Muuzaji wa Double Road alinishauri ninunue mpya.
Ile mpya hupuliza wino kama mtu anayejipaka poda.
Haigongi.
Na stakabadhi zetu ni tatu: nyeupe ya mkulima,
ya waridi ya chama, ya manjano sijui ya nani ila lazima iwepo;
pasipo kugongwa, kaboni haisemi kitu.

Basi niko Pasua, chumba cha uani. Nimeviazima kwa siku nne,
nimevileta kwa bodaboda, vimefungwa kitenge,
na Ndeonasia huko anaandika kwa mkono, ananilaani kwa upole.
Kiwanda kilichotengeneza kadi ya printa kilifungwa,
hakikuacha hata karatasi ya wosia.
Kwa hiyo nabisha hodi, mlango kwa mlango.
Hodi, tatu-saba-nane: kimya, alishahama.
Usiku wa tatu ukaitika mlango nisioutarajia.
Nikatuma ishirini na saba, halafu sitini na nne,
ndivyo printa huambiwa amka, sahau ya jana.
Ikasogeza kichwa.
Ikatoa herufi moja.
Ikalala.

Nikampigia Ndeonasia, labda nilitaka tu kulalamika.
Akacheka. "Hiyo? Hiyo ni ya polepole tangu ije.
Mimi nilikuwa nabonyeza, kisha naenda kubandika chai."

Hapo nikajiona: mtu anayebisha hodi
na kuondoka kabla mwenyeji hajafunga khanga.
Nikaongeza mstari mmoja. Subiri.
Na kando yake, kwa atakayekuja kusoma:
usiuondoe huu, hata ukiona hauna kazi.

Jumatatu, Uru, ukungu bado uko kwenye migomba.
Ya kwanza ilikuwa ya Elirehema, kilo arobaini na moja na nusu.
Krrr. Nyeupe imesomeka. Ya waridi imesomeka.
Ya manjano, kwa kukisia.
Ndeonasia akalowesha kidole, akachana kwenye vitobo,
hakunitazama.
"Anayefuata!"

Usiku mama akapiga tena.
"Dereva wako ameanza?"
"Ameanza leo."
"Anakula wapi?"
"Hali, mama."
Akaguna, kama anayesikia habari za mtu wa kutiliwa shaka.
"Haya. Mwambie tu asikimbize."

"Nimeshamwambia."